Mtungi wa Batnoami

Nilishuka katika pango la kaburi la ukoo nimekumbatia mtungi wenye mifupa ya mume wangu, Gersakuni, na pamoja na msiba nilikuwa na furaha ya aibu: leo ni wangu peke yangu. Mtungi niliuchagua mwenyewe. Jina nililiandika mwenyewe kwa wino, maana katika karakana yake ya ufinyanzi kazi yangu, miaka kumi na minane, ilikuwa kuandika majina ya wafu wa watu. Chini ya jina lake niliongeza langu: mume wa Arishati.

Wifi yangu Shiboleti alikuwa ananingoja chini na taa.

"Huo wa nini?" akauliza. "Wake upo."

Akamulika mtungi wa Batnoami, mke wa kwanza, aliyekaa naye miaka miwili tu akafa kwa homa. Ulikuwa mpana kuliko mitungi yote mle ndani. Begani pa mtungi palikuwa na majina mawili, Batnoami na Gersakuni, yamechorwa udongo ukiwa mbichi, kisha yakachomwa tanuruni. Mwandiko niliujua: wa mume wangu. Miaka yote hiyo mume amelala kwangu, jina lake limelala huku.

"Alinificha," nikasema.

"Angekwambia ungeuvunja."

"Hata leo nitauvunja!"

"Vunja basi, uokote mifupa yake. Wifi, mwenzio alitangulia."

"Kutangulia si kufika! Nani alimuuguza? Nani alimkanda mgongo?"

"Wewe. Lakini alichotaka kakiandika. Na wino wako unafutika, huo haufutiki."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwaambia wateja wabahili.

Nikafungua kifuniko. Mifupa ya Batnoami haikufika hata nusu ya mtungi. Nikammimina mume wangu juu yake, polepole, huku nalia kwa hasira. Kisha nikaingiza mkono, nikapima. Juu palibaki shubiri nzima.

Nikatoa kalamu na wino mkobani. Chini ya majina yao nikaandika langu.

"Makubwa!" Shiboleti akashika kiuno. "Hata huku unawafuata? Si nimekwambia litafutika?"

"Likifutika nitashuka niliandike tena. Kila mwaka, mpaka siku nitakayoingia mwenyewe. Hawa wawili siwaachi peke yao."