Mzee Tooni na Mlima Kuwohi

Mzee Wilbur Tooni alipanda Kuwohi akiwa na miaka sabini na tisa, goti moja zima na mjukuu mmoja king'ang'anizi. Mjukuu huyo, Salali, hufundisha watoto Kicheroki, lugha ya wenyeji wa asili wa milima hiyo ya Marekani, na alitaka jambo moja tu: babu yake ausalimu mlima kwa lugha yao, walau mara moja kabla hajafa.

Lugha hiyo mzee aliifungia kinywani tangu akiwa na miaka sita, walimu wa kizungu wa shule ya bweni walipomsugua ulimi kwa sabuni kwa kosa la kuisema. Walipenda usafi mno, watu wale.

"Babu, wanaoijua wanakwisha."

"Basi niache nami nikwishe kwa amani."

Mlima wenyewe ulirudishiwa jina lake juzi tu, baada ya kubebeshwa la mzungu kwa zaidi ya karne. Tushukuru, hawakuchelewa sana.

Kileleni palijaa watalii walioukasirikia ukungu, kana kwamba walikuwa na miadi nao. Mmoja, aliyevaa viatu vya kukwea theluji katikati ya Julai, alimsogelea mzee akaanza kumfundisha, bila kuombwa, kwamba chini ya mlima huu dubu hufanya baraza lao. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kwao si adabu kumkatiza mtu, hata akikusimulia habari za nyumbani kwa mama yako.

"Wacheroki waliamini hivyo," mtalii akahitimisha. "Inasikitisha. Watu wenyewe wametoweka, na lugha imekufa."

Salali akafungua mdomo. Mzee akamshika mkono kumzuia, na moyo wa mjukuu ukauma. Kumbe hata leo, hata hapa, babu atameza maneno yake tu.

Mzee akavua kofia, akampa mtalii mgongo, akaanza kusema Kicheroki. Mwanzoni sauti ilikwaruza, kisha ikapata njia. Akajitaja kwa jina alilopewa na bibi yake, jina ambalo Salali hakuwahi kulisikia. Akawataja waliojificha kwenye misitu hii zamani, askari wa serikali walipowaswaga wenzao kwenda magharibi. Akauomba mlima radhi kwa kukaa kimya miaka sabini na mitatu. Salali alilia waziwazi, wala hakuona haya.

Mtalii tayari alikuwa ameinua simu, anarekodi.

"Maridadi kabisa! Anasema nini? Ananibariki?"

Salali akajifuta machozi.

"Hasemi na wewe, kaka."