Binti Aliyesusia Sabuni ya Baba

Mpika sabuni alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili ya kazi kwenye mapipa ya kiwanda kimoja. Binti yake wa pekee, msusi, alimwita Mzee wa Povu. Kila Jumapili alikuja kula naye, akimtania kuhusu mvi zake, na nyumba ya mgane ikachangamka.

Kisha mkurugenzi wa kiwanda akawaambia waandishi wa habari kwamba mwanamke mwenye mimba ni hasara, na wiki hiyohiyo akawafukuza wajawazito sita. Binti hakulaza damu. Alibandika karatasi mlangoni pa saluni: "Sabuni yao haiingii humu mpaka wenzetu warudishwe." Wateja wakaipiga picha, ikasambaa. Haukupita mwezi, maduka yakaanza kurudisha katoni.

"Unataka nimwage unga, mwanangu?" baba alimuuliza mezani. "Sabuni hiyo ndiyo iliyokusomesha."

"Kwani nakususia wewe, baba? Nasusia kampuni."

"Kampuni ni mimi na mapipa yangu!"

Binti akachukua mkoba wake. Jumapili iliyofuata hakuja.

Miezi minne ikakatika. Siku za kazi zikapungua, sita zikawa tatu, na zilizobaki mzee alizikaa nyumbani peke yake akisikiliza friji ikinguruma. Kwa mazoea alipika chakula cha wawili, akala cha mmoja. Akitoka, alipita ng'ambo ya barabara mkabala na saluni, akijifanya anasoma vibao vya maduka, ili tu auone mgongo wa mwanawe nyuma ya kioo. Simu aliishika mara ngapi! Kila mara akairudisha mfukoni.

Jioni moja, akitoka kazini, alikutana getini na mmoja wa wale sita, amekuja kufuata vyeti vyake, kichanga mgongoni. Walifanya kazi pamoja miaka tisa, mzee akimimina, yeye akikata miche ya sabuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akakosa pa kutazama. "Ulijifungua salama?"

"Salama. Binti yako ndiye aliyenipeleka hospitali. Humu ndani hakuna hata mmoja aliyenijulia hali."

Yalimchoma. Hakwenda nyumbani. Aliingia saluni moja kwa moja, akaketi kwenye benchi katikati ya wanawake, na ovaroli yake ya kazi.

"Shikamoo baba," binti alisema akimtazama kupitia kioo, kitana kimesimama hewani.

"Marahaba, mama." Akakohoa. "Nyumbani sabuni imeisha. Nimekuja kuuliza, nyinyi mnatumia ipi siku hizi?"

Wanawake wakacheka. Binti hakucheka. Aliinamia kichwa cha mteja, akasuka mstari ukaenda upogo, akaufumua.

"Nitakuletea," alisema mwishowe.

Mwezi uliofuata kampuni iliwarudisha wanne kati ya sita, na mkurugenzi akaomba radhi kwa shingo upande. Siku za mzee zilibaki tatu. Sabuni binti aliileta kweli, ila aliishia kizingitini. Ana wateja, alisema. Mzee alisimama dirishani akimtazama akishuka ngazi mpaka akapotea kwenye kona. Jumapili ilipofika, tangu asubuhi alikuwa akitega sikio kwa kila hatua iliyopita nje.