Kipimo cha Dohani

Usiku wa jana niliota muhuri wa posta umenizuia mlangoni, na mlango wenyewe ni mgongo wa postikadi.

Postikadi hiyo naijua. Niliipata kwa muuza vitu vya kale: kiwanda cha mkonge cha enzi za Mjerumani, dohani yake ikifuka moshi, na mbele yake kijana aliyetupa kisogo. Bibi alipomwona tu alisema, "Huyu ni baba. Mama alisema bega lake moja lilikuwa juu." Baba yake alifariki yeye akiwa ananyonya, uso wake haujui. "Mwambie ageuke," akaniagiza, kama mtu anayeagiza chumvi, akaenda kulala.

Basi nipo mlangoni.

"Upande huu ni wa anwani tu," muhuri unasema.

"Namtafuta babu yangu."

"Hiyo si anwani."

"Ni shida ya kifamilia!"

"Wala hiyo."

Nataja anwani yangu mwenyewe: "Semeni Shekigenda, nyuma ya mashine ya kusaga, Muheza."

"Si ungesema tangu mwanzo?" Unanigonga kwenye paji la uso. Napita.

Ndani kila kitu kina rangi ya chai ya maziwa, hata mbingu. Kijana amesimama, kisogo kwangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sigeuki."

"Sijasema kitu!"

"Wote mnakuja na hilo. Mpiga picha aliniweka hapa niwe kipimo. Nikitikisika, jengo litapungua."

"Litapungua kweli!" kiwanda kinadakia kwa sauti ya dohani. "Bila yeye nani atajua ukubwa wangu? Binti, toka kwenye picha yangu!"

"Wewe nyamaza, huna hata mkonge ndani," nakiambia. Kinanuna, kinatoa moshi mweusi.

"Babu, ni Mwajabu, binti yako, anayetaka kukuona."

Bega lile la juu linashuka kidogo.

"Mwajabu kaota meno?"

"Yameota, babu, na mengi yameshang'oka. Yamebaki ya mbele."

Sasa tuko jikoni kwetu, kiwanda kimekaa karibu na jiko la mkaa, na hakuna anayeona ajabu.

"Hebu shika kofia yangu," babu anasema.

"Thubutu!" kiwanda kinapiga kelele.

Anaanza kugeuka, polepole, shingo ikilia kama bawaba kavu. Dohani inashuka. Inafika begani mwake. Inafika kiunoni. Kiwanda kinalalamika kwa sauti inayozidi kuwa nyembamba. Naona sikio, naona shavu, na hapohapo, kwa bahati yangu ileile ya siku zote, naamka.

Kumekucha. Bibi ameketi dirishani, postikadi ameisogeza hadi puani, machozi yanamtiririka.

"Ana mwanya," anasema. "Kama wangu."

Anaitazama tena, kwa muda mrefu.

"Ila mjukuu wangu, uliniambia ni kiwanda. Mbona nyuma yake kuna banda la kuku?"