Nusu Toni Tatu za Jumapili ya Matawi

Mimi Matonya, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mpiga kinanda wa kwaya ya shule yetu hapa Mkonze, natamka nikiwa na akili timamu kwamba sikukusudia kumuumiza Mwalimu Abeli, mwalimu wetu wa kwaya. Nilimlenga Emiliana.

Emiliana ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza, na Kwaresima nzima alitutangazia kwamba hakuna nota inayoweza kumshinda. Sasa, kinanda chetu kina kitufe kidogo cha kupandishia ufunguo. Ukikibonyeza mara moja, vidole vyako vinabaki palepale lakini wimbo wote unapanda nusu toni. Nikapanga kwamba Jumapili ya Matawi, kwenye wimbo wa katikati, ile zaburi ya baada ya somo la kwanza, nitakibonyeza kila shairi likiisha.

Nilimweleza Nurdini, Muislamu wa Kondoa anayelala kitanda cha juu yangu. Hakucheka.

“Na yule mzee? Si ndiye anayeimba mashairi?”

“Atapanda tu. Si mwalimu?”

“Matonya, kichwa chako kimejaa pumba.”

Jumapili ikafika. Shairi la kwanza Mwalimu Abeli aliliimba vizuri kabisa. Nikabonyeza. La pili, mshipa wa shingo ukamtoka. Nikabonyeza. La tatu, alinitupia jicho, nami nikakaza uso wa kitakatifu nilioufanyia mazoezi mbele ya kioo. Emiliana alipanda kama mbuzi kwenye mwamba, hata jasho hakutoa. Nikabonyeza mara ya tatu.

Kwenye shairi la nne, Mwalimu alipofika nota ya juu, koo lilimfunga. Ikatoka sauti kama bawaba ya mlango wa stoo, kisha kimya. Watoto wa mbele wakacheka. Mwalimu hakumalizia. Alikunja karatasi yake mara nne, akaketi. Mimi nikashusha ufunguo mahali pake na kupiga kiitikio kwa uchaji mkubwa.

Jumatatu jioni, zoezini, aliweka funguo za kabati la kwaya mezani.

“Wanangu, sikio langu limeniaga,” alisema. “Shairi la kwanza niliona sawa. La pili likawa zito. La tatu sikujua niko wapi. Mtu wa kwaya akifika hapo, anarudi kwao. Kesho kutwa nakwenda Bahi kulima mpunga.”

“Lakini Mwalimu,” Emiliana alisema, “Ijumaa Kuu nani atatupa sauti?”

Baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu, kinanda hakipigwi tena mpaka mkesha wa Pasaka. Ijumaa kwaya inasimama mikono mitupu, na mtu mmoja anatoa nota ya kuanzia kinywani mwake. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa Mwalimu Abeli. Ndiye pia aliyenifundisha kinanda, kila Jumamosi, bila hata kuniomba nimchotee maji.

“Kamwambie,” Nurdini aliniambia bwenini.

“Nina barua ya onyo la mwisho kwa sababu ya yule mbuzi niliyemfungia ofisini. Nikipatikana na kosa jingine, nafukuzwa.”

“Basi mwache mzee wa watu akalime.” Akajifunika shuka gubigubi.

Jumanne ilikuwa siku ya kitubio. Nilipiga magoti mbele ya Padre Silvano, nikamsomea dhambi zangu nikianza na ndogondogo, hii nikiificha katikati kama kidonge ndani ya ndizi.

“Rudia hiyo ya kinanda,” alisema.

Nikarudia.

“Malipizi yako ni rozari moja. Sasa, huu ni ushauri tu: kuna mtu anafunga mizigo kwa sababu ya uongo, na anayejua ukweli ni wewe. Mungu amekusikia. Mtu huyo bado hajakusikia.”

“Nitafukuzwa, Padre.”

“Inawezekana,” alisema, akaniondolea dhambi.

Rozari niliisali jioni ile, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuruka hata punje moja. Nilitumaini ingenitosha. Haikunitosha.

Jumatano nilimkuta Mwalimu mlangoni kwake, nyuma ya kanisa, akifunga mafurushi ya nota kwa kamba ya katani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekuja kuniaga?”

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Ikayeyuka.

“Sikio lako ni zima, Mwalimu. Nilipandisha ufunguo. Kila shairi.”

Akaiachia kamba. “Ngapi?”

“Nusu toni tatu.”

Akaketi kwenye kiti. Nilimtazamia acheke, au anizabe kibao, ningekipokea kwa shukrani. Hakufanya hata kimoja.

“Nilisikia,” alisema hatimaye. “Niliposikia nikajikatalia, kwa sababu mashine haizeeki na mimi nazeeka. Siku tatu, Matonya. Siku tatu umenifanya kuwa mzee.”

“Nisamehe, Mwalimu.”

“Mke wangu alipofariki, asubuhi sikujua niamke nikafanye nini. Niliamka kwa sababu jioni kulikuwa na zoezi la kwaya. Jambo likinishinda, naichukua zaburi ya siku, naiimba polepole, na kabla haijaisha najua pa kuelekea. Wewe ukanifanya niamini hata hilo limeniacha.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Nimekusamehe. Lakini kwa Mkuu wa Shule tunakwenda sote wawili, sasa hivi.”

Madam Zipora, Mkuu wetu, alisikiliza, akafungua faili langu, nene kuliko la mtu yeyote kidato cha tatu, na kuchukua kalamu.

“Madam,” alisema Mwalimu Abeli, “Ijumaa nina vijana wawili tu wa sauti ya nne. Mmoja ni huyu.”

Madam aliniangalia kama anayepima nyama iliyolala. Nikapata barua ya onyo la mwisho ya pili, na kazi ya kuosha masufuria ya ugali ya shule nzima kwa mwezi mmoja.

Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, kanisa lilijaa mpaka uani. Kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mwalimu Abeli alisimama mbele yetu, akafumba macho, akanyamaza, na ukimya ukawa mrefu kuliko wa mwaka wowote ninaoukumbuka. Nilimwomba Mungu, bila mzaha wowote, ampe mzee ile nota.

Akaitoa, chini kabisa, kwa mdomo uliofumbwa. Akampa Emiliana ya kwake, akaenda sauti ya pili, ya tatu, kisha akanisogelea na kunipa yangu. Niliishika mpaka msalaba ulipofika mbele yetu, nikapiga magoti pamoja na wengine.