Behewa la Sabuni

Mwaka zilipotoka noti za zaire mpya, zikazeeka kabla hazijazoeleka mikononi, kiwanda cha sabuni cha Papa Sébastien pale Kalemie kiliacha kulipa mishahara kwa pesa. Haikuwa roho mbaya. Pesa yenyewe ilikuwa inayeyuka njiani: mtu anaipokea asubuhi, akifika sokoni anakuta bei imeshapanda. Papa Sébastien akaamua kila mfanyakazi apewe makatoni ya sabuni, akauze mwenyewe.

Kazi ya kugawa ilimwangukia Mama Julie Mujinga, mkuu wa wafanyakazi, mjane mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na jambo. Aligawa akiamini anawasaidia watu. Alipotoka biro yake ya kazi jioni ndipo alipoona yaliyokuwa yakitendeka nje ya geti. Mchuuzi aitwaye Félicien alikuwa ameegesha mkokoteni wake, ananunua sabuni kwa bei ya kutupa. Wote wana sabuni, wote wana njaa siku ileile, nani angebishana naye? Ngoy, fundi wa pipa la kuchemshia mafuta, aliuza yote aliyopewa, na unga alioupata haukumaliza wiki. Watoto wake wakarudishwa kutoka shule kwa kukosa minerval, ile ada ya masomo.

Julie alilala na jambo hilo moyoni, akaamka nalo.

Jibu lilimjia kutoka mahali asipotazamia. Dada yake Élisabeth, aliyeolewa upande wa Nyunzu, alifika kumsalimu na kikapu cha karanga, na kabla hata hajakaa vizuri akaomba kipande cha sabuni. Huko kwao, alisema, mahindi yanaliwa na fukusi ghalani kwa kukosa wanunuzi, na nguo wanazifua kwa majivu. Julie akacheka peke yake hadi Élisabeth akadhani anachekwa.

Kesho yake alimwendea mkurugenzi. Alimweleza kwamba sabuni ya wafanyakazi wote ikikusanywa pamoja na kupelekwa kwa treni mahali isipopatikana, itarudi ikiwa chakula, na chakula hakishuki thamani. Papa Sébastien alikataa. Yeye ni mtu wa sabuni, alisema, mahindi hayamhusu. Ameshalipa watu, wanavyotumia malipo yao ni shauri lao.

"Papa," Julie akasema polepole, "watu wenu wanachemsha mafuta na tumbo tupu. Juzi Ngoy alishikwa na kizunguzungu akiwa juu ya pipa. Akianguka mule ndani, mutamulipa nani?"

Mkurugenzi aliinuka kitini. Aligeukia dirisha, akatazama moshi wa kiwanda chake. Mwishowe akasema kampuni italipia behewa. Lakini sabuni ni mali ya wafanyakazi. Wakikataa, yeye hawezi kuwalazimisha.

Na nusura wakatae. Alipowakusanya uani, Ngoy alisimama kwa niaba ya wengine.

"Mama Julie, sisi tulishachangishana zamani. Yule aliyebeba mali yetu alivuka ziwa kwenda Kigoma. Mpaka leo tunamungojea."

Julie hakukasirika. Aliwaambia walete makatoni yake kwanza, yale ya mshahara wake mwenyewe, akayapanga mbele yao. "Na ni wewe njo utasafiri na mimi," akamwambia Ngoy. "Kama mimi ni mwizi, utanishika wewe mwenyewe." Watu wakacheka, na Ngoy, akijikaza asicheke, akaenda kuleta ya kwake.

Treni iliyowachukua kwenda Nyunzu, pamoja na behewa lao la sabuni, ilipita stesheni ya Niemba vizuri, kisha ikasimama porini. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli, na hakuna aliyejua matengenezo yatakwisha lini. Ngoy alikaa mlangoni mwa behewa, mikono kifuani, anahesabu moyoni lawama zitakazomngoja nyumbani. Julie naye alikuwa na hofu, ila hakuionyesha. Alichukua mche mmoja wa sabuni, akashuka, akafuata njia iliyoelekea kijitoni, ambako wanawake wa kijiji walikuwa wanafua. Akawaamkia, akavua kitenge chake cha juu, akaanza kukifua kati yao. Povu likapanda jeupe, likateremka na maji likiwapita miguuni. Mama mmoja akanyoosha mkono, akalishika lile povu.

"Iko nyingine?" akauliza.

"Iko behewa zima," Julie akajibu.

Jua halijafika utosini, njia zote za kuja relini zilikuwa zimejaa watu: magunia ya mahindi vichwani, karanga, maharagwe, mawese katika madumu. Nao walikuwa wamekwama na mavuno yao, kwa maana reli ndiyo iliyokuwa soko lao. Ngoy akasahau kukunja mikono. Yeye ndiye aliyepima, aliyebishana, aliyekataa gunia lililotiwa makapi, sauti yake ikisikika hadi mbele kwenye injini. Reli ilipofunguka, hawakuwa tena na sababu ya kufika Nyunzu. Behewa lao likafungwa kwenye treni iliyokuwa inarudi ziwani.

Kalemie kulikuwa kumeshasemwa mengi. Félicien alikuwa amewahakikishia watu kwamba wale wawili wameshatokomea. Kwa hiyo stesheni ilijaa, wengine wakija kupokea, wengine wakija kulia. Mlango wa behewa ulipovutwa, mahindi machache yakamwagika chini kwa jinsi lilivyoshiba, na kelele zilizopaa pale ziliwatoa wavuvi majini. Kila nyumba ikapata fungu lake. Mke wa Ngoy akauza karanga kidogo, na watoto wake wakarudi darasani.

Papa Sébastien alikuja mwenyewe, akatafuna karanga, akatangaza mbele ya wote kwamba tangu sasa kampuni italipia behewa kila mwezi, na itatoa ghala liwe la wafanyakazi, chini ya mkono wa Mama Julie.

Jioni ile Julie alipanda kilima kwenda kwake bila haraka. Katika kila ua aliopita palikuwa na sufuria ya bukari, ugali wa mahindi, motoni, na akina mama walimwita waonje naye, hata akafika kwake ameshiba kabisa. Asubuhi, king'ora cha kiwanda kilipolia, kilikuta watu wameshaingia, na Ngoy yuko juu ya pipa lake, anaimba.