Tiara ya Mbavu Tatu

Sindano alikuwa fundi, na ufundi ulimpa kiburi. Kiburi ndilo neno la mjomba wake, na mimi sina haja ya kumbishia. Mjomba huyo alikuwa mwalimu mkuu wa klabu ya tiara pale ufukweni, zile tiara kubwa zinazojazwa hewa kwa pampu na kumvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao. Nyuma ya klabu palikuwa na chumba chenye cherehani, meza ndefu na harufu ya gundi. Humo Sindano alishinda miaka sita akishona kila kilichochanika.

Na kazi haikukosekana. Mwaka huo klabu ilileta tiara mpya, ukubwa namba kumi na mbili, zenye mbavu tano nene za hewa. Zilivuta kama ng'ombe aliyeona majani mabichi, na mjomba alizipenda kupita kiasi. Siku alipotangaza kuwa klabu itapeleka mtu mmoja tu kwenye mashindano ya ubao usio na mikanda, alitangaza papo hapo kwamba kila anayeitaka nafasi hiyo atatumia tiara mpya siku ya mchujo.

Ubao usio na mikanda, kwa asiyeujua, ni ubao ambao hakuna kinachokushikiza juu yake ila nyayo zako na akili yako. Ukinyakuliwa ghafla, unaondoka wewe, ubao unabaki.

Sindano aliitaka nafasi ile mpaka akakosa hamu ya kula. Miaka sita alikuwa akifunga cherehani na kuingia majini, na bado watu walimwita "fundi wetu" kama mtu anavyosema "pampu yetu". Hata kwenye orodha ya mchujo wenzake waliandikwa majina mawili mawili, yeye akaandikwa Sindano, basi.

Asubuhi ya mchujo akashuka ufukweni na tiara yake mwenyewe: namba tisa, mbavu tatu, rangi imepauka, viraka viwili.

"Hiyo umeiokota jalalani?" akauliza binamu yake, mtoto wa mjomba, kijana wa mabega mapana aliyeitwa Bingwa kabla hajashinda chochote.

"Kabatini kwangu. Jalalani naacha nafasi ya yako."

Mjomba akasogea, orodha mkononi. Akaibonyeza ile tiara kwa kidole kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Mpwa wangu, hii imeshajifia. Upepo wa leo unataka kitu chenye nguvu."

"Nguvu ninazo, mjomba. Leo kuna mawimbi. Nataka tiara inayojua kusubiri."

"Nimefundisha watu kabla wewe hujajua kutambaa."

"Najua, na heshima yako iko palepale. Lakini nisikilize. Mwezi huu nimeletewa tiara mpya kumi na moja, zote zimepasuka mahali pamoja, kwenye bomba la hewa la ukingo wa mbele. Mtu akishuka na wimbi anaikimbilia tiara yake, kamba zinalegea. Hizi za mbavu tano ni nzito. Zikikosa mvuto zinaanguka, wimbi linazikanyaga. Hii yangu ni nyepesi. Kamba zikilegea inarudi nyuma na upepo, taratibu, mpaka kamba zikaze tena. Za mbavu tatu nimeshona moja tu miaka yote sita, na hiyo ilitafunwa na mbwa."

Watu wakacheka. Hapo ndipo alipoharibu, maana mjomba hakuwa mtu wa kuchekewa mbele ya wanafunzi wake. Akachomoa kalamu mfukoni, akalikata jina.

"Bahari si yangu, ogelea upendavyo," akasema. "Lakini kwenye mchujo wewe humo."

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma mpaka macho yakamlowa, akajifanya anaangalia upepo. Mwingine angekunja tiara yake akarudi kwenye cherehani. Sindano akapiga moyo konde, akafunga mkanda wa kiunoni wa kushikia kamba za tiara, akabeba ubao, akaingia majini nyuma ya wenzake kama vile hakuna kilichokatwa.

Masharti yalikuwa mepesi: mawimbi matano kila mtu, na linalohesabiwa ni lile ulilolipanda mpaka mwisho. Bingwa akatangulia. Upepo ukavuma kwa nguvu, tiara ikamnyakua, yeye huyo hewani na ubao ukaelea zake peke yake. Akaufuata, akapanda tena. Wimbi la pili akalipanda vizuri, haki yake nampa. La tatu alishuka kwa kasi, kamba zikalegea, tiara ikayumba, ikaanguka puu, na wimbi likamalizia. Wengine nao hawakupona, huyu kanyakuliwa, yule kaangukiwa.

Sindano akashika wimbi lake la kwanza. Kamba zikalegea, na ufukweni watu wakashika vichwa. Ile tiara ya viraka ikarudi nyuma polepole, ikakaa juu kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Akageuza ubao, kamba zikakaza, akaendelea. Mtu akasema "moja". Lilipofika la tatu walikuwa wanahesabu wote. Alipomaliza la tano, hata Bingwa, aliyekuwa ameketi mchangani na tiara yake iliyopasuka, alihesabu.

Sindano hakusimama kupongezwa. Alipita katikati yao akidondosha maji, akaingia chumbani kwake, akawasha taa ya cherehani.

Baadaye mlango ukasukumwa. Mjomba akaingia na tiara ya mwanawe, akaitandaza mezani. Bomba la mbele lilikuwa limepasuka mahali palepale. Akalipapasa kwa kidole.

"Itakuwa tayari lini?" akauliza.

"Nikirudi kutoka mashindanoni."

"Jina lako nimelikata."

"Ulikata Sindano," akasema, bila kuinua macho kwenye mshono. "Kalamu bado unayo mfukoni, mjomba. Safari hii andika majina yangu mawili."

Mjomba akavuta kiti. Akaikunjua orodha juu ya ile tiara iliyopasuka, akaandika la kwanza, kisha akauliza la pili linaandikwaje.