Bila Sindano

Hugues, muuguzi wa mashine, alimwambia Séraphine atoe kila chenye chuma. Akatoa pini zilizoshika kitenge chake, akavua medali ya Bikira Maria shingoni mwa binti yake, akavitia ndani ya kopo la plastiki. Noëlla hakulalamika. Alikuwa na miaka saba, na tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kulalamika. Macho yake yalikuwa ya manjano, na fizi zake nyeupe kama unga wa muhogo.

Walikuwa wametoka Luhwindja, juu ya lori la makaa. Kituo cha afya cha kule kiliwatuma Bukavu kwa jambo moja tu: mtoto ni SS, damu yake huvunjika yenyewe, na safari hii imevunjika mno; aongezewe nyingine upesi. Na damu ilikuwapo. Séraphine aliuona mfuko kwa macho yake ndani ya friji ya wadi. Muuguzi wa wadi alikwisha kusema inaoana, na alikuwa akiufunga mpira mkononi mwa Noëlla, Docteur Constantin alipoingia.

Docteur hakuwa mkali. Alikaa kando ya kitanda, akaeleza taratibu kwamba hospitali imepata mradi wa mashine inayopima damu bila sindano. Inajua damu ni nzito kiasi gani, na inafikisha hewa kiasi gani kichwani. Siku moja watoto kama huyu hawatachomwa-chomwa tena.

“Lakini tukimutia damu ya mutu mwingine, hatutaona yake,” alisema. “Ni kungoja kidogo tu, maman.”

Séraphine aliuliza mashine hiyo inafanya kazi na nini.

“Na sumaku,” akajibu Hugues, aliyekuwa amefuatana na docteur. “Sumaku mukubwa sana.”

Hapo ndipo alipokubali. Kwao yeye ni mama twangaise: kutwa nzima hutwanga mawe ya wachimbaji mpaka yawe unga. Unga ukishaoshwa, hubaki dhahabu iliyochanganyika na mchanga mweusi, na mwenye mawe hupitisha sumaku juu yake. Weusi wote huruka ukaishika sumaku. Kinachobaki ni safi.

“Itavuta ile mubaya, itaacha muzuri?”

Hugues alimtazama docteur. Docteur alikuwa akiangalia simu yake.

“Itaona yote, maman,” Hugues akasema.

Kidogo kikawa kirefu. Umeme ulikatika, na jenereta ya hospitali haikuweza kuibeba mashine. Séraphine alikaa kwenye benchi ya korido na mtoto mapajani, akimsikia anavyopumua kama aliyepanda mlima, na hali amelala. Umeme ulirudi jua likielekea kushuka.

Mashine ilimmeza Noëlla mpaka kiunoni, ikaanza kugonga. Séraphine aliujua mdundo ule. Ndivyo wanawake wanavyosikika wakitwanga pamoja. Kwa kila pigo akasali. Mtoto alipotolewa, akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe vile vile. Akainama, akachungulia ndani ya tundu la mashine.

“Unatafuta nini, maman?”

“Ile mubaya yenye ilitoka.”

Hugues alikohoa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mashine haitoi kitu, inapima tu.

Nyuma ya kioo Docteur Constantin alikuwa amefurahi. Picha zimetoka safi, alisema, mtoto hakutikisika hata kidogo. Kisha akasoma alichokiona, uso ukabadilika, akaagiza mtoto aongezewe damu mara moja.

Friji ilikuwa tupu. Mfuko ule alikuwa amepewa mama aliyejifungua akavuja damu; Séraphine alimwona karibu na mlango, kichanga kifuani. Hakupata wa kumkasirikia. Akanyoosha mkono wake mwenyewe. Wakamchoma kidole, wakasema yake haioani, na hata ingeoana, mwenyewe ana damu kidogo mno. Alete mtu wa kutoa. Awe ndugu, awe rafiki, yeyote. Bukavu nzima hakuwa na mtu.

Akamlaza Noëlla, akatoka mpaka barabarani. Watu walikuwa wakirudi kutoka sokoni. Akamsimamisha mwanamume aliyevaa koti.

“Papa, pole. Uko na damu gani?”

Mwanamume alimkagua tangu miguu hadi kichwa.

“Nani amekutuma kuniuliza kabila yangu?”

“Hapana, papa, ni mutoto wangu…”

“Mi ni wa hapa. Babu yangu ni wa hapa. Wewe rudia kwenye ulitoka.”

Akaondoka, akigeuka kuwaambia waliokuwa nyuma yake kwamba kuna mwanamke pale langoni anauliza watu damu zao. Séraphine alimsogelea msichana mwenye kikapu, msichana akaharakisha. Mwendesha pikipiki akawasha pikipiki yake. Kidogo kidogo watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, na yeye akavuka, akawafuata.